Bunduki Rahisi

Guildford, Jumanne alasiri

Solange,

Daktari wa bega amesema leo saa tano asubuhi, kule Campbelltown, kwamba unaweza kurudi kwenye mashindano. Maneno yake niliyaandika mbele yake, nikamsomea kabla hatujaondoka: bega limepona kiasi cha kutosha, halijapona kabisa, na litamaliza msimu ikiwa teke la bunduki ni dogo. Likivimba tena, utaacha kupiga visahani kwa bunduki, na mara hiyo hatazungumzia mapumziko. Wewe ulikuwa kando yangu ukitazama simu. Ulisema, "Yeah, no worries," kama mtu aliyeambiwa treni itachelewa dakika tano.

Sasa ni saa kumi. Umekwenda Toongabbie kumuaga tante yako, na mama yako yuko kazini kwenye nyumba ya wazee. Kesho asubuhi utapanda treni ya Wagga, ukaanze kuishi huko peke yako. Nina saa chache za kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini.

Habari za kufua, kupika, kufunga milango na za wanaume, mama yako ameshakueleza, nyingine mara mbili. Sitazigusa. Nakuandikia juu ya zile bunduki mbili zinazokungoja Wagga, moja ya bei ya chini na nyingine ya bei ya juu, na juu ya kosa langu la miaka minne iliyopita. Nusu ya kosa hilo unaijua. Nusu ya pili sijamwambia mtu, hata mama yako.

Jumapili mezani ulisema, "The cheap one's fine, Papa. Honestly." Mama yako akafurahi, akakuongezea bugali. Mimi nilikwenda chumbani nikaiandika sentensi hiyo kwenye daftari, na pembeni yake nikaweka alama niliyokuwa nikiweka nilipokuwa mwandishi wa redio Uvira: haijathibitishwa.

Nianze mbali kidogo.

Miaka yetu ya kwanza hapa, neno bunduki lilikatazwa nyumbani. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Mama yako alianza tu kusema "ile kitu", nasi tukamfuata. Jirani alipokuletea zawadi ya bunduki ya plastiki ya kurusha maji, mama yako aliishika kwa vidole viwili, akaiweka nje ya mlango, akasema, "Solange, ile kitu ya maji ibaki nje." Ulicheka hadi ukakaa chini. Ulikuwa na miaka saba, na hukukumbuka chochote cha kule tulikotoka. Nilishukuru kwa hilo, na bado nashukuru.

Kisha ukafika miaka kumi na mitatu, shule ikawapeleka kwenye kiwanja cha kupiga visahani. Ulirudi na vumbi la rangi ya machungwa kwenye viatu. Ulisema umevunja visahani kumi na kimoja kati ya ishirini na tano, na mwalimu amesema mtoto anayeanza havunji kumi na kimoja. Mama yako alikuwa anakata majani ya sombe. Aliweka kisu chini.

"Eh! Ile kitu tumeikimbia inchi tatu, sasa mtoto anaifuata na bus ya masomo!"

"It's a sport, Mama. It's in the Olympics."

"Hata kukimbia iko ndani ya Olympics. Kimbia basi."

Nilikataa mwaka mzima. Wewe ulibisha kwa Kiingereza, mimi nilikataa kwa Kiswahili, na hakuna aliyeshinda, kwa sababu kila mmoja alielewa lugha ya mwenzake kuliko alivyokubali. Ulinishinda siku uliyobadili njia. Ulisema, kwa Kiswahili safari hiyo, "Papa, kuja mara moja tu. Usikuje kama Papa. Kuja kama journaliste."

Nikaja na daftari. Kurasa zile ninazo hapa mezani. Nimeandika: watu kama hamsini, wanaume kwa wanawake, wengine wazee wa miaka themanini. Bunduki zote zimekunjwa wazi mikononi hadi zamu ifike. Hakuna mtutu uliomwelekea mtu. Visahani vya udongo vinarushwa hewani kutoka kwenye shimo, kimoja kimoja, na kasuku weupe wamekaa kwenye uzio bila kujali. Chini kabisa nimeandika mstari ambao haukuwa wa habari: hapa kila mtu ana bunduki na hakuna anayemwogopa mwenzake. Sijawahi kuona hivi.

Zamu yako ilipofika ulitakiwa kuita "Pull" ili kisahani kitoke. Sauti yako ilikuwa ndogo, kipaza sauti cha mashine hakikukusikia. Mara ya pili vilevile. Watu wakasubiri kwa adabu. Nami nilisahau kwamba nimekuja kama mwandishi, nikapaza sauti kutoka kwenye benchi: "Sema toa!" Ukaita "Toa!" kama mama yako anapoita watu mezani. Kisahani kikatoka, ukakivunja. Mzee mmoja kando yangu akauliza hiyo ni lugha gani. Nikamwambia. Akasema mashine haina ubaguzi, inachotaka ni kelele.

Mzee huyo alikuwa Keith, mkulima mstaafu, na tangu siku hiyo alikufundisha kila Jumamosi bila malipo.

Ili wewe upate kibali cha mtoto na tuwe na bunduki nyumbani, ilibidi mimi niwe na leseni. Hapo ndipo mtu aliyekimbia bunduki nchi tatu alipojaza fomu ya kuiomba. Penye swali la sababu niliandika aya nzima, yenye chanzo na muktadha. Keith alisoma, akavua miwani. "Mate," akasema, "write target shooting." Nikafuta aya yangu nzuri, nikaandika maneno mawili. Kisha tukafunga sanduku la chuma kwenye ukuta wa chumba chetu, na mama yako akalitundikia kitenge ili asilione. Nadhani miezi ile ilikuwa bora kuliko yote niliyoishi nchi hii. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, barabara tupu, chai kwenye chupa, wewe umelaza kichwa kwenye kioo cha gari ukisema hujalala.

Sasa kosa.

Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha ghala nilikofanya kazi: pallet, forklift, smoko, yaani mapumziko ya chai. Kwa mambo mengine nilikutumia wewe. Jumamosi moja, tukiwa nyuma ya gari la Keith tukinywa chai, nikakwambia, "Muulize mzee, bunduki gani inakufaa." Ukamuuliza. Akajibu polepole, akinitazama mimi:

"Something easy on her shoulder, mate. She's only little."

Ukanigeukia. "Anasema bunduki rahisi, Papa. Sababu miye ni mudogo."

Neno rahisi kwetu hufanya kazi mbili. Mtihani usio mgumu ni rahisi; samaki wa bei ya chini ni rahisi. Wewe ulilitumia kwa kazi ya kwanza. Mimi nilisikia ya pili, na nikapumua.

Nilinunua bunduki ya mitutu miwili iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani. Ilikuwa nyepesi pia, na nilidhani wepesi ni wema kwa mtoto mdogo. Sikujua kwamba uzito ndio unaomeza teke, na kwamba bunduki nyepesi humrudishia mpigaji kila kitu begani. Keith aliipima mkononi, akaifungua, akaifunga.

"Well," akasema. "It goes bang."

Nikakuuliza amesema nini. Ukasema, "Anasema inalia." Nikamshukuru kwa moyo wote.

Akakwambia unaweza kuendelea kutumia yake, ile nzito ya zamani. Nikasema, "Mwambie asante, sasa tuna ya kwetu."

Uliipiga misimu miwili. Ulianza kuvaa mikono mirefu hata Januari, mwezi wa joto kali hapa, nami nikadhani ni mambo ya wasichana. Uliweka soksi iliyokunjwa ndani ya fulana yako, chini ya kitako cha bunduki. Alama zako zikaanza kushuka kila baada ya kisahani cha hamsini, na mimi, niliyeandika kila alama, nikaandika sababu: uchovu. Mama yako ndiye aliyeona, siku anakusuka nywele na blauzi ikateleza. Bega lilikuwa la zambarau na kijani. Aliniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo hulifanya mara chache. Kisha akakugeukia wewe.

"Solange, juu ya nini hukusema?"

"Papa bought it," ukasema. "He did nights for it."

Ndipo Keith alipoitwa, na neno likajulikana. Alirudia alichosema, nawe ukashika kichwa. "Oh my God, it's my fault. My Swahili's crap." Tulicheka wote, hata Keith, ambaye hakuelewa. Daktari wa kwanza hakucheka: kano za bega zilikuwa zimechanika. Ukakaa nje mwaka mzima.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua. Tangu siku ile unaamini kwamba bega lako liliumizwa na tafsiri yako. Huniambii hivyo, lakini mimi husikiliza kwa kazi. Tangu siku ile hujanijibu kwa Kiswahili sentensi inayozidi maneno matatu.

Hii ndiyo nusu ya pili. Keith aliposema "easy on her shoulder", aligusa bega lake. Mkono wa kulia, vidole vinne, juu ya bega la kushoto, mara mbili. Nilimwona. Nilikuwa umbali wa hatua moja, mchana, bila kitu katikati yetu. Mtu anayezungumzia bei hagusi bega. Anasugua vidole, au anapapasa mfuko. Nimewahoji watu miaka kumi na minane, wengi wao kwa lugha nisizozijua vizuri, na nilijifunza mapema kwamba mkono hautafsiriwi na mtu. Niliona mkono unasema jambo moja na sikio langu likisikia lingine, na nilijua kuna swali la pili la kuuliza: bega lina nini?

Sikuliuliza, kwa sababu jibu la kwanza lilinifaa.

Kwa hiyo Kiswahili chako hakikukosea. Ulisema rahisi, na rahisi ndilo neno sahihi. Hata mtangazaji wa redio angelitumia. Aliyekosea ni msikilizaji.

Halikuwa kosa langu la kwanza la namna hiyo. Uvira, kabla hujazaliwa, nilitangaza asubuhi moja kwamba barabara ya sokoni iko shwari. Chanzo kilikuwa dereva mmoja. Nilitakiwa kutafuta wa pili, lakini ilikuwa siku ya soko, watu walitaka kusikia shwari, nami nilitaka kuisema. Siku mbili baadaye mama mmoja muuza samaki alikuja hadi mlango wa studio. Hakupiga kelele.

"Bwana Redio," akasema, "ile shwari yako imenipokonya samaki, na pesa, na viatu."

Alikuwa pekupeku kweli. Niliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: jibu linalokupendeza ndilo la kuchunguzwa kwanza. Nimelinakili kwenye kila daftari tangu hapo. Lilikuwemo pia kwenye daftari nililokuwa nalo mkononi siku Keith aligusa bega. Kanuni huweza kukaa mfukoni mwa mtu miaka ishirini bila kumzuia kitu. Hilo ndilo nililojifunza, na si jambo la kujivunia.

Sasa bunduki za Wagga.

Unajua kwamba hapa si kila mpigaji visahani anaruhusiwa semi-otomatiki, bunduki inayojipakia yenyewe, kama hizo mbili. Wewe umeruhusiwa kwa barua ya daktari, kwa sababu ya bega ambalo mimi nililijeruhi. Kwa hiyo nimejiona nina wajibu wa kuuliza vizuri safari hii. Nimemhoji mwenye duka la bunduki la Wagga kwa simu mara tatu. Amekuwa mvumilivu, mara ya tatu aliuliza kama mimi ni polisi.

Alichosema ni hiki, na kumbuka kwamba chanzo ni mtu anayeuza. Zote mbili hutumia gesi ya risasi yenyewe kusukuma ganda nje na kupakia risasi inayofuata, na kazi hiyo ndiyo inayopunguza teke. Ile ya bei ya chini ni nyepesi zaidi. Kitako chake hakirekebishwi: mwili wako ndio utakaoizoea. Ile ya bei ya juu ni nzito kidogo, kitako chake huongezwa na kupunguzwa kwa vipande vyembamba hadi kikae mahali pake, na vipuri vyake hupatikana haraka. Sehemu ya bei yake ni nakshi za maua kwenye chuma. Maua hayapunguzi teke, nilimuuliza, akakiri.

Chanzo cha pili ni Keith, ambaye hauzi. Anasema ile ya chini si mbaya, na anamjua mama mmoja anayeshinda nayo. Lakini ameziona zikikataa risasi nyepesi asubuhi za baridi: ganda linakwama, mpigaji anapoteza mwendo wake. Wewe unatakiwa kutumia risasi nyepesi, na asubuhi za Wagga mwezi wa saba zina barafu kwenye majani. Anasema pia ameona watu wakinunua ile ya juu ili watazamwe nayo, na hawavunji kitu. Nilimuuliza yeye angechagua ipi. Akasema, "Not my shoulder, mate."

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye duka alizitembeza zote mbili, kwa hiyo methali hiyo haitusaidii.

Umeona sijakuambia uchukue ipi. Nilikuwa na jibu nilipokaa kuandika. Nilitaka uchukue ile ya juu, na nilikuwa nimeshapanga sababu zake. Kisha nikaona kwamba ningekuwa nimefanya tena kilekile kwa upande wa pili: baba anachagua bunduki, mtoto anaivaa begani na kushukuru. Ukiichukua ya juu ili nijisikie nimelipa kosa langu, utakuwa umebeba bega langu pamoja na lako. Ukiichukua ya chini ili kunihurumia, ni ileile soksi ndani ya fulana.

Pesa ya yoyote kati ya hizo ipo. Sikukopa, na mama yako anajua. Ukinunua ya chini, inayobaki ni yako pia, kwa hiyo hakuna unayemwokolea kitu.

Nimefikiria sana jinsi ulivyonyamaza misimu miwili. Mama yako huiita heshima. Mimi naogopa ulijifunza kwangu. Tulipofika nchi hii niliweka daftari kabatini, nikaingia ghalani, na kila ulipouliza siku ilikuwaje nilisema nzuri. Miaka minne mfululizo nilisema nzuri. Mgongo wangu uliuma kila siku ya miaka hiyo. Mtoto anayelelewa na nzuri za namna hiyo atasema fine juu ya bega lililochanika, na atadhani anapenda watu wake.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukiulizwa kama inauma, na inauma, sema inauma. Sema kwa lugha yoyote. Ukisema kwa Kiswahili nitafurahi, na ukikosea neno nitauliza swali la pili.

Mpango ni huu, nao nimeuthibitisha kwa watu wawili. Keshokutwa, Alhamisi saa nne asubuhi, mwenye duka atakuwa kiwanjani Wagga na bunduki zote mbili. Utapiga visahani hamsini kwa moja, utapumzika mchana, kisha hamsini kwa nyingine. Nimemwomba asitaje bei mbele yako, amekubali. Mimi sitakuwepo. Usinipigie Alhamisi, siku hiyo kila bunduki ni nzuri. Lala. Ijumaa asubuhi inua mkono juu ya kichwa kabla hujanywa chai, sikiliza bega linasema nini, kisha ndipo upige simu. Mwenye duka atangoja jibu lako, si langu, hadi Ijumaa saa sita mchana.

Papa